Stika ya Hongera

Kila Jumamosi asubuhi, Jemadari aliogeshwa kabla ya watu wa nyumba ile kuoga. Jemadari hakuwa mtu. Lilikuwa gari la baba, lenye keria ya kubebea ngazi juu na harufu ya rangi isiyotoka ndani. Baba alikuwa mpaka rangi wa majumba, na kwa mpaka rangi kitu kinachong'aa ndicho kitu kizima. Alilisugua kwa sabuni, akalisuuza, akalipaka nta mpaka jirani akipita anaiona sura yake mlangoni.

Kazi ya kung'arisha nembo ya kampuni, pale mbele ya boneti, ilikuwa ya binti yake. Msichana huyo alikuwa na miaka kumi na miwili, lakini umbo lake lilichelewa kupata habari, ndiyo maana watu walimwita Nukta. Aliisugua nembo kwa mswaki mkuukuu, kwenye kila kona.

"Hapo pasugue vizuri, mwanangu," baba alimwambia. "Hilo jina ndilo injini yenyewe. Magari ya kampuni hii hayafi. Mengine yote ni mabati ya kuezekea banda la kuku."

Alisema kwa sauti ili jirani asikie. Jirani yao, mshonaji wa nguo aliyeitwa Mama Vifungo, alikuwa na gari dogo la kampuni ambayo hakuna aliyewahi kuisifu. Mtaa mzima ulilijua kwa jina la Kopo. Mama Vifungo hakujali vumbi lililokuwa juu yake, lakini kila Jumamosi alifunua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa kipande cha kitambaa, akakichovya tena na kukiinua juani. Muda wa kumwaga oili kuukuu na kutia mpya ulipofika, alikwenda kwa fundi bila kungoja gari lilie.

"Jirani, hilo Kopo litapata mafua kwa kufunuliwa kila wiki," baba alimtania.

"Afadhali mafua kuliko mauti, Baba Nukta. Wewe wa kwako ulimfungua lini?"

"Jemadari hafunguliwi. Jemadari anaheshimiwa."

Nukta alicheka kuliko wote. Kwake yeye, baba hakuwa amewahi kukosea.

Katika nyumba ile aliishi pia Bibi, mama yake baba, ambaye alikuwa na presha ya macho. Ugonjwa ule haukumuuma. Ulikuwa umekula pembeni mwa uoni wake kidogo kidogo, kimyakimya, mpaka akabaki kuona mbele tu, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Ukitaka Bibi akuone, ilibidi usimame mbele yake barabara. Nukta alifanya hivyo kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Alisogea kushoto, akasogea kulia, mpaka Bibi alipotabasamu na kusema, "Nimekupata."

Daktari alikuwa amewaeleza waziwazi. Uoni uliopotea haurudi. Uliobaki ungeweza kuokolewa kwa upasuaji, mradi ufanyike mapema. Bingwa wa upasuaji huo alikuja mara chache kwa mwaka katika hospitali kubwa ya mji wa mbali, na Bibi alikuwa amepangiwa siku. Asiyefika, nafasi yake hupewa mwingine.

Majuma machache kabla ya siku hiyo, Bibi alikuwa amekaa kiti cha mbele wakirudi kutoka kliniki. Aliinama kidogo kutazama deshibodi.

"Hiyo taa nyekundu ni ya nini?"

Ilikuwa taa ndogo yenye mchoro wa kibirika kinachodondosha tone. Iliwaka gari liliposimama njia panda, na liliposhika mwendo ikazimika.

"Kibirika kinataka chai, mama," baba alisema, na Nukta akacheka kule nyuma.

"Kitu hakiwi chekundu bure," Bibi alisema.

"Mama, gari kama hili huharibika taa, haliharibiki injini. Hiyo taa ndiyo inayosema uongo."

Tangu siku hiyo, kila Bibi alipopanda gari aliulizia kibirika. Nukta aliona bibi yake anasumbuka, naye akataka kumtuliza. Kwenye daftari lake la hesabu mwalimu alikuwa ametia stika, nyota ya njano yenye neno "Hongera". Aliibandua polepole isichanike, akaibandika juu ya taa. Neno likakaa pale pale palipokuwa na kibirika.

"Umemaliza ugonjwa," baba alisema, akampiga begani kwa furaha.

Siku ya safari waliamka mapema. Bibi alivaa viatu vyake vya kutokea. Nukta, aliyeruhusiwa kumsindikiza, alivaa gauni jeupe la sherehe za shule, kwa sababu Bibi alisema anataka kitu cheupe cha kutazama kabla ya kufungwa bandeji.

Mama Vifungo alichungulia juu ya ua. "Baba Nukta, njia ni ndefu. Umepima oili?"

Baba alikuwa akifunga mizigo. "Nukta, hebu mpimie jirani oili, apate usingizi."

Nukta alifunua boneti. Aliwahi kumwona Mama Vifungo akipima, kwa hiyo alijua namna ya kupima. Lakini ndani kulikuwa kumejaa tope jeusi lenye mafuta, na kijiti chenyewe kilikuwa kimegandiwa na uchafu. Aliangalia mikono yake, akaangalia gauni. Tena aliyasikia maneno ya baba kichwani mwake: hayafi. Akarudisha boneti taratibu.

"Iko sawa," alisema.

"Umesikia, jirani?" baba alisema. Mama Vifungo akawapungia mkono.

Walikuwa wamekwisha kuvuka nusu ya njia, kwenye mlima mrefu, injini ilipoanza kugonga. Iligonga kama mtu anayepiga sufuria kwa nyundo, na baba akakanyaga mafuta zaidi, akidhani mlima ndio unaomchosha Jemadari. Mara ukasikika mkwaruzo, kisha kimya. Gari likasimama lenyewe. Juu ya deshibodi nyota ya njano iliendelea kuwapongeza.

Baba alifunua boneti, moshi ukampanda usoni. Alichomoa kijiti, akakifuta, akakichovya. Kilitoka kikavu. Alikichovya tena na tena, kana kwamba oili ingezaliwa humo ndani kwa kuombwa.

"Nukta," aliita bila kugeuka. "Ulipima?"

Nukta alitaka kusema ndiyo, kisha akaliangalia gauni lake. "Sikupima, baba. Niliogopa gauni."

Baba alifungua mdomo amkaripie. Kisha akageuka, macho yake yakapita kwenye kioo cha mlango, yakaiona stika, akaufunga mdomo. Alikaa juu ya reli ya barabara, mikono imening'inia. Nukta hakuwahi kumwona baba yake amekaa hivyo.

Watu husema majuto ni mjukuu, huja kinyume. Siku ile mjukuu mwenyewe alikuwa amesimama kando ya barabara, gauni lake jeupe bado safi, na bibi yake ameketi juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, akiuliza jua limefika wapi. Magari yaliyopita yalikuwa yamejaa, na mengine hayakusimama.

Mwishowe baba alimeza aibu yake, akampigia simu Mama Vifungo. Kopo lilikuja likipanda mlima kwa sauti yake nyembamba, bila haraka na bila kusita. Mama Vifungo hakutania. Alimshika Bibi mkono, akamketisha mbele, wakaondoka.

Walifika hospitali jua limeelemea upande. Muuguzi wa zamu aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Pole sana, mama," alimwambia Bibi. "Tulikungoja. Bingwa ameshaondoka, na nafasi yako aliingia mwingine."

"Huyo aliyeingia, ana macho mabaya kama yangu?" Bibi aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Basi na ashukuru Mungu," Bibi alisema.

Fundi aliyemvuta Jemadari kwa kamba aliifungua injini mbele ya baba. "Imenoki," alisema. "Vyuma vimesagana mpaka vimeshikana. Oili ilikuwa ikipungua siku nyingi, na taa yake ilikuwa ikikuambia."

"Lakini magari ya kampuni hii..." baba alianza.

"Ni magari mazuri. Ndiyo maana limekuvumilia muda wote huo. Lakini jina halilainishi chuma, kaka."

Miezi iliyofuata ilikuwa mizito. Jemadari alikaa uani juu ya mawe, na baba akabeba ngazi begani kwenda kazini. Jumamosi hakuna aliyeosha kitu. Nukta aliendelea kusimama mbele ya Bibi kila asubuhi, lakini ilimbidi asogee karibu zaidi, na zaidi tena. Halafu ikaja asubuhi aliposogea kushoto, akasogea kulia, akakaribia hata akaisikia pumzi ya Bibi. Bibi hakutabasamu. Alikuwa ametazama mbele, akingoja.

"Umeshakuja?" Bibi aliuliza.

Nukta alilia uani, nyuma ya Jemadari, uso wake ukiwa kwenye ile nembo aliyoing'arisha.

Bingwa aliporudi, Kopo liliwapeleka tena, na safari hii walifika kukiwa bado na umande. Alimpima Bibi kwa muda mrefu. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia lilibaki na mwanga tu, wa kutofautisha dirisha na ukuta. Alilifanyia upasuaji ili hicho kidogo kisipotee, akampa dawa ya kutia kila siku. Kuhusu kuona uso wa mtu, hakutoa ahadi.

Baadaye fundi alipata injini iliyotumika ambayo bado ilikuwa nzima, na Jemadari akanguruma tena. Baba hakumsifu. Aliibandua stika kwenye deshibodi kwa ukucha, gundi yake ikabaki kama kovu. Kisha akamwita Nukta, wakakaa wote wawili mbele ya Bibi barazani.

"Kosa hili si la mtoto peke yake, mama," baba alisema. "Mimi ndiye niliyemfundisha kudharau ile taa."

"Mdharau mwiba mguu huota tende," Bibi alisema. "Nyie mlidharau mwiba, mguu uliovimba ni wangu. Gari limepata injini nyingine. Jicho halina spea." Akautafuta mkono wa Nukta. "Nisikilizeni. Kitu kizuri hakijitunzi kwa jina lake, kiwe gari au kiwe mwili. Na wewe mjukuu wangu, siku ile ungesema tu kwamba hukupima. Baba yako angenuna, Mama Vifungo angepima, na leo ningekuwa nakuona unavyolia."

Nukta alifuta machozi kwa kiganja.

Jumamosi iliyofuata ndoo ya maji na sabuni vilingoja. Nukta alifunua boneti kwanza, mikono mitupu, akachomoa kijiti, akakifuta kwa kitambaa alichopewa na Mama Vifungo, akakichovya tena na kukiinua juani. Bibi alikuwa ameketi barazani, uso ameuelekeza kwenye mwanga.

"Kinasemaje?" Bibi aliuliza.

Vidole vya Nukta vilikuwa vyeusi mpaka kwenye viungo. Alitazama alama mara mbili.

"Imepungua, Bibi. Iko chini ya alama."

Bibi aligeuza uso kuifuata ile sauti, akakosea kidogo upande, kisha akaupata.

"Hapo nimekupata," alisema. "Nenda kamwambie baba yako."