Salamu Iliyokosa Mwenyewe

Siku ya kwanza Nyanda alipokataa kunyonya, Justina alidhani ni joto. Alikuwa ametoka kazini, katika kiwanda cha kuchambua pamba nje kidogo ya Bariadi, na matiti yalikuwa yamemjaa hadi yanauma. Lakini mtoto aligeuza uso, akacheua maziwa yenye harufu ya vumbi la pamba, akasinzia.

"Ameshiba," alisema Bibi Kwandu. "Si umemnyonyesha sasa hivi?"

Bibi Kwandu alikuwa nyanya wa mumewe, kipofu wa miaka mingi. Mume mwenyewe, Mayala, alikuwa machungani na ng'ombe, huko Lingeka. Mama mkwe, Wilhelmina, alishinda kwenye majaruba ya mpunga. Mtoto alibaki na bibi nyuma ya mlango uliokomewa, na nyumba nzima ilikula kwa mikono ya Justina. Kila aliyerudi alipiga magoti kizingitini na kusema, "Mwadila, bibi." Bibi aliitikia, akaondoa komeo. Kwa salamu hiyo alimjua mtu. Kwa salamu hiyo alimkabidhi mtoto.

Justina alijieleza kwamba ndiyo kwanza anafika. Bibi akacheka, akasema kelele za mashine zimemla kichwa mjukuu wake: alikuja, akasalimu, ananuka pamba, akanyonyesha, akatoka kuteka maji.

Ikawa hivyo siku ya pili, na ya tatu. Mtoto alinenepa; maziwa ya mama yake yakaanza kukauka. Wilhelmina alishinda nyumbani siku moja kulinda, na siku hiyo hakikuja kitu. Justina hakuweza kubaki, kwa maana msimamizi alikwisha kusema kwamba atakayekosa siku mbili katika msimu asirudi.

Walimwita mganga, mzee Salu. Aliuliza jambo moja tu: je, Justina aliwahi kupita mlango ule bila kusalimu?

Akakumbuka. Mwanzoni mwa msimu alikuta mlango wazi, mtoto analia, naye kwa uchovu akaruka kizingiti na kumnyakua, kimya. Bibi Kwandu, kwa mazoea ya umri wake, aliitikia salamu ambayo haikutolewa.

"Jibu lilitoka halina mwenyewe," mzee Salu alisema taratibu. "Likapata."

Alifukiza nyumba, akazika mzizi kizingitini, akapiga marufuku salamu mlangoni pale. Justina alipewa kokoto jeusi, agonge mara tatu bila kusema neno. Wilhelmina agonge mara moja. Bibi Kwandu alilia. Alisema watoto wake kuingia bila kumsalimu ni kuzikwa angali anapumua. Hata hivyo alikubali, na kwa siku saba mtoto alilia njaa ya kweli, akanyonya kwa mama yake, na Justina alilala akimshika mguu.

Siku ya nane jua lilikuwa halijazama aliporudi, kokoto mkononi, na kabla hajaufikia mlango alisikia ile harufu ikipenya katika nyufa za mbao, harufu ya maziwa na vumbi la pamba, harufu yake mwenyewe, ikimjia kutoka ndani kana kwamba ametangulia kufika, na mkono ukagonga, moja, mbili, tatu, kama ulivyofundishwa.

Bibi akauliza, kwa woga, ni nani.

Akajibiwa na sauti iliyokuwa humo humo ndani, ya chini, iliyochoka, yenye kikohozi cha kiwandani. Ilikuwa sauti ya Justina.

"Usifungue, bibi. Ni lile. Limejifunza kugonga."

Justina akaanguka kwa magoti. Kokoto likamtoka. Hakuwa na kitu kingine cha kumtambulisha katika dunia hii.

"Mwadila, bibi," alisema. "Mwadila. Mwadila."

Ndani komeo la pili lilisukumwa. Mtoto alisikika akinyonya, kwa utulivu, kama aliye kwao. Na Bibi Kwandu, ambaye hakuwahi kuacha salamu ya mtu ipotee, hakuitikia.