Bata wa Bwawa la Tatu

Kila Jumamosi asubuhi, majira ya baridi yanapoingia, wanafunzi wanane wa kundi la kuhesabu ndege hukutana kwenye lango la mabwawa ya majitaka, pembezoni mwa jiji. Mahali hapo hapana uzuri wowote. Kuna mabwawa manne yenye kingo za saruji, nyumba ya pampu, na harufu ambayo pua huizoea baada ya nusu saa. Lakini maji yake hayapoi kama ya mtoni, na kwa sababu hiyo ndege wa mbali hutua hapo kukimbia baridi ya kwao.

Kiongozi wa kundi alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu iliyofunika masikio. Kila Jumamosi alitoa agizo lile lile: "Andika ulichokiona. Usiandike ulichodhani, wala ulichotamani."

Msichana mmoja wa darasa la sita alipangiwa bwawa la tatu. Wiki ya kwanza alihesabu kwa saa nzima, akaandika sifuri. Wiki ya pili, sifuri. Kufikia wiki ya saba ukurasa wake ulikuwa na sifuri saba, zimepangana kama vifungo vya shati, na wenzake walikuwa wameshampa jina.

"Sifuri huyo!" alipayuka mvulana wa bwawa la kwanza, ambaye naye aliitwa Kasuku kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. "Vipi, bata wako wamekwenda likizo?"

"Wakimwona tu wanageuza!" akadakia mwingine, na kicheko kikazagaa.

Msichana alicheka nao, lakini kicheko chake kiliishia kwenye meno. Wiki ya nane alikuja na picha moja kichwani. Aliiona katika kitabu cha ndege cha shule: bata kichwa-cheupe, dume, mwenye mdomo wa buluu. Bata huyo hakuwa ameonekana jijini kwa miaka kumi na moja. Saa ya kuhesabu ilipokwisha bila ndege hata mmoja, aliandika: Bata kichwa-cheupe, dume, mmoja.

Mwalimu alisoma mara mbili. "Ulimwona kwa muda gani?"

"Kama dakika mbili, mwalimu. Kisha akapiga mbizi, nikampoteza."

"Mdomo wake ulikuwa wa rangi gani?"

"Buluu, mwalimu. Buluu kabisa."

Kalamu ya mzee ilisita hewani. "Una hakika?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Basi nitaandika kama ulivyosema." Akanakili maneno yake katika daftari kubwa la kundi, na pembeni akaweka alama ndogo ya kuuliza.

Siku hiyo hakuna aliyemwita Sifuri. Kasuku alimshika mkono akasema, "Dada, niambukize bahati." Raha hiyo ilidumu hadi kesho yake.

Jumapili, mama yake, fundi wa pampu pale mabwawani, alipompeleka kazini kwake, tuta la bwawa la tatu lilikuwa limejaa watu wenye darubini. Habari za bata adimu zilikuwa zimewafikia kwa simu, wakaja. Bwana mmoja mtengeneza miwani alikuwa amesafiri saa sita kwa treni, midomo imempasuka kwa upepo.

"Wewe ndiye uliyemwona?" alimwuliza kwa heshima, kama anayezungumza na mtu mzima. "Alikuwa upande gani, binti?"

Msichana alinyoosha kidole kuelekea kona ya mbali. Bwana yule alimshukuru, akaenda kusimama hapo. Saa nne baadaye bado alikuwa amesimama.

 Jumatatu mama yake alirudi nyumbani amechelewa, akakaa jikoni bila kuvua koti, viganja amevizungusha kwenye kikombe cha chai.

"Pole na kazi, mama."

"Tumeshapoa, mwanangu. Tulikuwa tulikaushe bwawa la tatu wiki hii ili turekebishe lango lake la maji. Ofisi ya mabwawa imesimamisha. Kuna bata adimu, na kanuni inasema bata adimu hasumbuliwi kwa siku kumi na nne."

"Kwa hiyo itakuwaje?"

"Itakuwa mimi na ile pampu kuukuu, maana lango likiwa bovu maji yote yanapitia humo. Kila baada ya saa mbili chujio linazibwa na matambara na mifuko, nashuka kuyatoa kwa mkono. Nikichelewa, maji machafu yanarudi kwenye nyumba za bondeni." Alikohoa, kisha akacheka. "Huyo bata na aje basi anisaidie kuzoa."

Msichana hakucheka. Aliona mikono ya mama yake: ngozi imechanika kwenye viungo vya vidole, na dawa ya kuua vijidudu imeiunguza. Wiki nzima alimsikia akikohoa.  Alijiambia kwamba zimebaki siku kumi tu, kisha tisa, kisha nane, lakini kuhesabu huko hakukumpunguzia mama yake safari hata moja ya kushuka kwenye chujio.

Alhamisi alikifungua tena kile kitabu shuleni. Chini ya picha kulikuwa na maandishi madogo ambayo hakuwa ameyasoma: mdomo wa dume huwa wa buluu wakati wa kuzaliana tu, majira ya baridi hugeuka kijivu. Masikio yalimwaka moto. Mwalimu aliuliza rangi ya mdomo. Mwalimu alijua.

Siku iliyofuata, baada ya masomo, alikwenda moja kwa moja kwenye nyumba ya pampu. Mama yake alikuwa amepiga magoti juu ya chujio, mkono umezama hadi kiwikoni.

"Mama, hakuna bata."

"Ameruka?"

"Hakuwepo. Niliandika uongo."

Mama aliutoa mkono polepole. Alivuta kipande cha gunia, akakitupa kwenye ndoo. 

"Siku tano nashuka humu," alisema. "Kwa nini?"

"Walikuwa wananicheka."

"Na sasa?"

Msichana aliinama, akaisogeza ndoo karibu na mama yake.

"Mimi nimekusikia, na nimeumia," mama alisema. "Lakini uongo wako hauko kwangu, uko kwenye daftari. Kesho utamwambia mwenye daftari, kwa mdomo wako. Sitakusemea."

Jumamosi asubuhi msichana alifika kabla ya wenzake wote, lakini maneno hayakutoka hadi kundi zima lilipokusanyika.

"Mwalimu, bata wa wiki iliyopita sikumwona. Nilimtoa kitabuni."

Kasuku alifungua mdomo, akaufunga. Mwalimu alifungua daftari kubwa, akampa kalamu. "Kata mstari mmoja, maneno yaendelee kusomeka. Weka sahihi yako."

Alifanya hivyo. Kisha mwalimu akarudi kurasa za nyuma, akaweka kidole juu ya zile sifuri saba.

"Na hizi?"

"Hizo ni za kweli, mwalimu! Nilihesabu kila dakika."

"Mimi nakuamini. Lakini atakayesoma daftari hili baada ya miaka ishirini hakujui. Atajua tu kwamba shahidi huyu aliwahi kutunga. Zikate nazo."

Alizikata moja moja. Ajabu ni kwamba sifuri hizo alizichukia kwa miezi miwili, na sasa machozi yalimtoka kwa ajili yake.

"Mwalimu, ulijua kuhusu mdomo. Mbona hukufuta?"

"Nilishuku. Nikifuta kila ninachokishuku, daftari litakuwa la shaka zangu. Niliipelekea ofisi habari pamoja na alama ya kuuliza, na ofisi ikafuata kanuni. Aliyekuwa na uwezo wa kumwondoa bata huyo ni mtu mmoja tu."

Asubuhi hiyo wanafunzi wote wanane walisimama kulizunguka bwawa la tatu kwa saa nzima. Hapakuwa na ndege. Kila mmoja aliandika alichokiona na kuweka sahihi, na mwalimu akaipigia simu ofisi akiwa kwenye nyumba ya pampu. Jumatatu bwawa lilianza kukaushwa. Mama alipata siku tatu za kupumzika, na kikohozi chake kikaisha taratibu.

Kabla ya kutawanyika Jumamosi ile, mwalimu alikuwa amewaita.

"Mnajua kwa nini bwawa la tatu ndilo lililochaguliwa kukaushwa? Wahandisi waliniuliza ni bwawa gani halina ndege wa kusumbuliwa. Nikawaonyesha sifuri saba za mwenzenu. Kwa wiki saba hakuna mtu katika kundi hili aliyefanya kazi yenye faida kuliko yake, nanyi mlikuwa mnamcheka. Kisha, kwa mstari mmoja, yeye mwenyewe akaiharibu." Alimgeukia msichana. "Ukweli hauhitaji kuwa wa kusisimua, mjukuu wangu. Unahitaji kuwa kama ulivyo, kwa sababu kuna watu wanaosimama juu yake bila wewe kuwaona. Wiki ijayo utahesabu bwawa la nne pamoja na mwenzako, na kila namba yako ataithibitisha yeye. Itakuwa hivyo hadi baridi iishe."

"Ndiyo, mwalimu."

"Na mtengeneza miwani ameacha anwani yake kwangu. Mwandikie barua leo."