Binti Aliyekuwa Ndani

Jua lilikuwa linazama Nyasura, pale Bunda, Wankyo alipotoka kwenda kununua sato wa kukaanga. Alivuta mlango, akatia kufuli kwa nje. Mama yake akaugonga kutoka ndani.

"Wankyo! Unanifungia kama mbuzi? Mimi siumwi!"

"Narudi sasa hivi, mama."

Mama yake, Bhoke, hakuwahi kukubali kwamba anaumwa. Daktari alisema ni ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Bhoke akacheka, akasema daktari ndiye aliyesahau kazi yake. Akibandika sufuria, huisahau mpaka iungue, kisha lawama zote kwa Wankyo. Wiki iliyopita alikutwa kwenye zizi la jirani yao Felisian, hana nguo mwilini, anamwimbia ndama. Alidhani yuko Butiama kwa mumewe, aliyekwisha kufa zamani.

Felisian alimfunika koti lake, akamrudisha. Mlangoni akanong'ona, "Dada, mimi najua mama anaumwa. Ila wengine wakimkuta hivi watamwita mchawi. Unajua wanachofanyaga."

Wankyo alijua. Ndiyo maana alinunua kufuli.

Lakini jioni ile samaki walikwisha kufungwa kwenye gazeti, naye bado yuko kwenye benchi la muuza samaki, anapiga soga. Pale hakuna wa kumuuliza jambo lile lile tena na tena. Giza likaanza kuingia. Aliliona linaingia. Akaendelea kukaa.

Alipofika nyumbani umeme ulikuwa umekatika. Kufuli lilikuwa palepale. Akaingiza ufunguo... akasita.

Ndani, mama yake alikuwa anacheka.

Kicheko cha zamani, cha kutoka kifuani. Wankyo hakuwa amekisikia tangu mama ahamie kwake. Na harufu... samli ya ng'ombe, nzito, kama imetoka motoni sasa hivi. Nyumba yake haikuwa na samli.

Kisha mtu akajibu. Taratibu, kwa upole.

"Tulia, mama. Bado huku nyuma."

Ilikuwa sauti ya Wankyo mwenyewe.

Akafungua kufuli, akasukuma. Mlango haukwenda. Ulikuwa umekomewa kwa ndani... kwa komeo lile la juu, alilolipigilia makusudi mahali mama asipofikia.

"Mama! Fungua, ni mimi, Wankyo!"

Akagonga tena.

"Usifungue, mama," ile sauti ikasema. "Huyo siye."

"Wankyo yuko hapa, ananisuka," Bhoke akaita. "Wewe unayegonga ni nani?"

Wankyo akapiga yowe. Felisian akaja mbio na tochi, akaupiga mlango bega mpaka komeo likang'oka.

Bhoke alikuwa ameketi mkekani, peke yake. Miguu imeoshwa. Ngozi inang'aa kwa samli. Nywele zimesukwa mistari myembamba, iliyonyooka. Na mikono yake siku zote hushindwa hata kufunga kifungo cha gauni! Felisian akamulika dirishani. Nondo zilikuwa zimesimama vilevile.

"Mimi nilijua ulisharudi," akanong'ona. "Nimewasikia mkiongea tangu magharibi."

Daktari alipoelezwa, alisema wagonjwa wa namna hii huzungumza na watu wasiokuwepo. Alipoulizwa kuhusu nywele, akamwita mgonjwa mwingine.

Wankyo alilitupa kufuli chooni. Siku hizi akitoka, mke wa Felisian huja kukaa na mama. Naye Wankyo alitafuta samli, na kila jioni humwosha mama miguu, akampaka, huku akimwomba msamaha kwa sauti ya chini. Mama hupokea yote kwa adabu, kama anayehudumiwa na mtu baki.

Jana jioni, mama alimshika mkono.

"Asante, binti. Una moyo mzuri. Sasa nenda kwenu, mwanangu anakaribia kufika."

Nje, kandambili zikasikika zikiburuta changarawe... zikaja... zikakoma mlangoni.

Wankyo hakuinuka kwenda kufunga. Machozi yalikuwa yanamtiririka. Alitaka kumuuliza huyo mwanamke aliyesimama nje jambo moja tu: anafanyaje mpaka mama anacheka?