Garama Aitwa kwa Jina Lake

Kila asubuhi Garama Changawa alifungua lango la yadi, kule Changamwe. Malori yakatoka moja moja, naye akawapungia madereva mkono. Kazi ya lango haikuwa yake. Yeye alikuwa dereva, tena dereva hasa, kwa miaka kumi na mmoja.

Lakini mwezi wa pili lori lililokuwa mbele yake lilipinduka. Utingo mmoja akafa, Garama anaona. Tangu siku hiyo, akishika usukani mikono hutetemeka na jasho humtoka.

"Pumzika langoni," msimamizi wake alimwambia. "Mwisho wa mwezi wa sita nitakupa lori tena. Ukishindwa, itabidi nitafute dereva mwingine."

Garama alimwendea mshauri, Bi. Mwende, katika zahanati moja ya Mikindani. Bi. Mwende hadungi sindano. Yeye huzungumza na mgonjwa. Alimfundisha Garama kupumua, na kuikabili hofu yake kidogo kidogo. Na ilimfaa, jamani! Baada ya kwenda mara tatu, aliweza kukaa ndani ya lori lililozimwa.

Shida ilikuwa malipo. Kila mara alitoa pesa mfukoni. Kadi ya bima ya kazini ilikuwa katika mfuko huo huo, na hakuthubutu kuitoa.

"Kwa nini?" mkewe Kanze alimuuliza, huku akikuna nazi.

"Nikiitumia, bosi ataletewa karatasi kwamba nina wazimu. Nani atampa mwendawazimu lori?"

"Kwani wewe una wazimu?"

"Sina."

"Basi?"

Kuna jambo Garama hakumwambia mkewe. Pale zahanati alijiandikisha kwa jina la Charo Nguma, kaka yake Kanze!

"Mara ya nne hatuiwezi," Kanze akasema. "Imebaki karo ya Kadzo tu. Na hiyo siigusi."

Basi Garama akaenda kumuaga Bi. Mwende. Moyo ulimuuma. Bila mshauri, lori angelisikia tu likipita. Akaketi kwenye benchi.

"Charo Nguma!" sauti ikaita.

Garama akainuka. Lo! Aliyeita ni Pascalia, jirani yake wa mlango wa pili. Siku hiyo ndiyo kwanza ahamishiwe meza ya mapokezi na bima hapo.

"Baba Kadzo! Tangu lini ukawa Charo?"

Benchi zima likageuka. Garama alitamani ardhi ipasuke immeze. Pascalia akamwingiza ofisini, akafunga mlango.

"Nisamehe, sikupaswa kusema vile mbele ya watu. Una nini?"

Garama akamweleza yote.

"Nisikilize," Pascalia akasema. "Bima huambiwa unatibiwa nini, ili ilipe. Hilo sikufichi. Lakini bosi wako haletewi faili lako. Siri ya mgonjwa inalindwa na sheria."

"Kweli, Mama Lavender?"

"Haki ya Mungu. Ila bima si zote sawa, kwa hiyo tuulize. Nambari ya simu iko nyuma ya kadi. Je, wanalipia ushauri? Mara ngapi kwa mwaka? Bi. Mwende yumo katika orodha yao?"

"Na kama hayumo?"

"Utamtafuta aliyemo. Au utabaki na Bi. Mwende, ulipe mwenyewe, umwombe akupunguzie. Wako wanaolipa wenyewe kwa hiari yao. Wewe umelipa kwa kuogopa kuuliza."

Wakapiga simu. Bi. Mwende yumo. Bima hiyo inalipia mara kumi kwa mwaka. Lakini kwanza iletwe barua ya daktari, na bima itoe ruhusa.

"Na zile tatu nilizolipa, watanirudishia?"

"Za Charo?" Pascalia akamtazama. "Bima itamjuaje Charo? Hizo zimekwenda, baba."

Nyumbani, Kanze alicheka mpaka akashika mbavu. "Kaka yangu hajaumwa hata kichwa, leo umemfanya mgonjwa!"

Wiki iliyofuata barua ilikuwa tayari na ruhusa ikaja. Garama akarudi zahanati, akaweka kidole kwenye mashine ya bima ili imtambue.

"Garama Changawa!"

"Nipo!" akajibu kwa sauti. Menza, dereva mwenzake, alikuwa hapo na mtoto mwenye kikohozi. Akamwona. Garama akamsalimu, kisha akaingia kwa Bi. Mwende kifua mbele.

Mwisho wa mwezi wa sita ukafika. Garama akapanda lori, akawasha. Akaitazama mikono yake. Imetulia! Machozi ya furaha yakamtoka, wala hakuyafuta.

Langoni alisimama Menza, akingoja kumfungulia. Alisogea dirishani, akasema kwa sauti ya chini, "Ndugu yangu, ile zahanati… Mimi pia tangu ajali ile silali. Niende?"

"Nenda hata leo," Garama akasema. "Chukua kadi yako. Na uandike jina lako."

Menza akalisukuma lango likafunguka lote. Garama akapiga honi ndefu, akatoka na lori lake.