Doa Jeusi Juu ya Boma la Koki

Mwili wa Koki ulilala kando ya bafu lake la magunia, umefunikwa leso. Ndovu walikuwa wamepita juu ya kila kitu. Sabuni tu ndiyo ilibaki mahali pake, kwenye jiwe.

Inspekta Mutindi kutoka Voi alifuata nyayo. Zilitoka porini moja kwa moja, kama za ng'ombe wanaoswagwa.

"Shamba limeshavunwa," alisema. "Walifuata nini?"

Muasya, mume wa marehemu, hakuinua kichwa.

"Waulize wenye droni, madam. Inafukuza ndovu yenyewe. Wakubwa wao walikuja hapa Miasenyi wakala mbuzi wetu, wakatuambia tulale salama. Wao wanalala Nairobi."

"Marehemu aliiogopa?"

"Aliichukia. Bafu letu halina paa. Akioga, kamera inamgeukia. Alienda ofisini kwao, akasema atafika kwa chifu. Basi ikaacha kupita hapa. Tukadhani tumesikizwa."

Ofisini, mwangalizi wa droni, Geoffrey, alikuwa na jibu tayari.

"Mashine hujiamulia, afande. Mimi naangalia tu."

"Ndovu inawapeleka wapi?"

"Pasipo na watu."

"Nionyeshe kwa Koki."

Kwenye kompyuta kila boma lilionekana na mabati yake na kuku wake. Kwa Koki palikuwa na doa jeusi.

"Hakutaka kupigwa picha," Geoffrey alisema. "Tukampa faragha yake."

"Na mashine inaona nini hapo?"

"Pori."

"Ulijua?"

"Mashine ndiyo—"

"Nimekuuliza wewe."

Nje, kitu kililia kama nyuki wengi. Droni ilikuwa inapaa, na hakuna aliyeigusa.

"Inaenda wapi?"

"Ndovu wamerudi."

"Saa hii watu wa matanga wamejaa kwa Muasya. Akina mama, watoto, kwaya nzima. Izime."

"Amri ya kuzima iko kwa wakubwa. Huwa hawashiki simu."

"Basi toa hilo doa, ione watu."

Geoffrey alijipangusa jasho. "Likitoka, na picha za zamani zinafunguka."

"Picha gani?"

"Za bafuni. Njia inachagua yenyewe, lakini kamera naigeuza mimi. Aliposema ataenda kwa chifu, nikafunika boma lote. Nilijua itaona pori. Nikajiambia ndovu hawatapita huko. Sikutaka kufutwa kazi."

"Fungua."

Alifungua. Mutindi akamtia pingu hapo hapo kwenye kiti.

Doa lilitoka. Watu wakatokea kwenye kompyuta: masufuria, viti vya kanisa, mtoto akikimbia. Muasya alikuwa peke yake, pale bafu lilipokuwa. Alisikia mlio, akainua uso, akamtazama Mutindi machoni bila kumwona.

Mutindi alitaka kugeuka. Huyo mtu alikuwa msibani kwake. Lakini ndovu walikuwa bado hawajageuka, na ilikuwa lazima mtu aangalie.

Akaendelea kutazama.