Picha Isiyo ya Baba

Kila asubuhi Nabalayo alikuwa akipika uji wa watu watatu. Waliokunywa walikuwa wawili, yeye na binti yake Valarie. Kikombe cha tatu kilikaa juu ya sanduku mpaka uji ukaota ngozi. Kisha Nabalayo aliwapelekea watoto wa hema la jirani. Hakusema kilikuwa kikombe cha nani, na watoto hawakuuliza.

Ilikuwa Februari mwaka wa 2008. Mama na binti waliishi kwenye hema katika uwanja wa maonyesho wa Nakuru, pamoja na maelfu ya watu waliofukuzwa makwao na fujo za baada ya uchaguzi. Nyumba yao ilichomwa. Vyombo, nguo, cheti cha shule cha Valarie na albamu ya picha, vyote viliisha kwa saa moja.

Lakini si nyumba iliyomnyima Nabalayo usingizi. Mume wake, Sitati, alikuwa fundi wa vinu vya kusaga unga. Mwishoni mwa Januari aliitwa upande wa Subukia kutengeneza kinu. Alibeba spana zake, akapata lifti kwenye lori la viazi. Hakurudi. Kinu kilichomwa, mwenye kinu akakimbia, na simu ya Sitati haikushika tena.

Nabalayo alimtafuta hospitalini. Alimtafuta kituo cha polisi. Aliingia mochari mara tatu, na mara tatu akatoka amejifunika mdomo kwa leso. Hakumwona. Jamani, kuna shida ambayo hata hujui uiombee nini. Usiombe apatikane mochari, lakini usipompata hapo, utampata wapi?

Siku moja Valarie alisema, "Mama, nataka kufungua blogu ya kumtafuta baba."

"Blogu ni nini?"

"Ni kama daftari, lakini iko kwa intaneti. Naandika hapa Nakuru, mtu wa Kisumu anasoma. Hata kanisa zenye kompyuta zinaweza kuchapisha tangazo na kulibandika mlangoni."

Mfa maji haachi kutapatapa. Nabalayo akakubali.

Valarie alikwenda kwenye saiba moja mjini, duka la kukodisha kompyuta zenye intaneti. Hapo alifanya kazi Dalmas, kijana aliyesoma naye darasa moja. Dalmas alimpa kompyuta saa moja kila alasiri, bure. Valarie aliandika vizuri. Aliandika jina la baba, miaka yake, urefu wake, kazi yake, kovu la kuungua kwenye mkono wa kushoto, na namba ya simu ya mama.

Dalmas alisoma akatikisa kichwa. "Vale, hii iko poa, lakini picha iko wapi?"

"Zote zilichomeka."

"Blogu bila picha ni chai bila sukari. Hakuna mtu atasoma. Weka hata ya stoku."

"Ya stoku ni gani?"

"Kuna watu hupiga picha, wanaziweka kwa mtandao, wengine wanazitumia. Zingine ni za bure kabisa. Cheki hii."

Picha ilifunguka polepole, kutoka juu kwenda chini. Alionekana mwanamume mweusi aliyevaa ovaroli, amesimama kando ya mashine. Alikuwa akicheka. Meno yake yalikuwa meupe sana. Valarie aliona ovaroli na mashine, akamkumbuka baba yake, machozi yakamlenga. Akaiweka picha hiyo juu ya jina la Sitati.

Jioni alimwonyesha mama tangazo lililochapishwa. Nabalayo aliliangalia kwa muda mrefu.

"Huyu si baba yako."

"Najua, mama. Picha ni ya kuvuta watu tu. Maneno ndiyo ya baba."

Nabalayo hakusoma sana. Alijiambia mtoto aliyemaliza kidato cha nne anajua zaidi. Akanyamaza, na hapo ndipo walipokosea wote wawili.

Simu zilianza kuingia. Ya kwanza ilikuwa ya mtu aliyekuwa akicheka. "Huyo jamaa yenu yuko kwa tangazo la rangi ya nyumba! Mnatafuta misaada nyinyi, mnadanganya watu." Akakata. Mtu mwingine aliandika kwenye blogu kwamba Sitati ni hadithi tupu, hakuna mtu kama huyo. Valarie alilisoma neno hilo mara nyingi.

Halafu mwanamke mmoja wa huko Bahati, nje ya mji, akapiga. "Huyo mtu wa picha nimemwona leo. Njooni haraka."

Nabalayo alikwenda siku hiyo hiyo. Mwanamke alimpeleka mpaka duka la misumari na saruji. Nyuma ya kaunta alisimama mwanamume mwenye meno meupe.

"Si ndiye huyu?" mwanamke aliuliza kwa furaha. Na kweli, alifanana na mtu wa picha.

"Mama, mimi naitwa Kipchoge," mwanamume alisema kwa upole. "Bibi yangu ndiye huyo anapima misumari."

Nabalayo aliomba msamaha, akaketi juu ya mfuko wa saruji. Kipchoge alimletea maji.

Machi ikapita. Mvua za Aprili zikaanza, hema likavuja. Nabalayo sasa alikuwa akizunguka mjini akiomba wenye maduka wabandike tangazo. Siku moja yeye na Valarie waliingia studio ya picha ya Mama Kamla. Kamla alikuwa mjane wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Familia yake ilikuwa imefanya biashara Nakuru tangu zamani.

Kamla alisoma tangazo. Akalisoma tena.

"Sitati fundi wa vinu? Mwenye sikio moja limesimama hivi?"

Nabalayo alishika kaunta kwa mikono miwili. "Unamjua?"

"Namjua. Ndiyo maana nauliza, huyu anayecheka ni nani?"

Kamla akamgeukia Valarie. "Binti, picha hii umetoa wapi?"

"Kwa picha za stoku, Anti. Zile za bure."

"Mimi nazijua hizo. Mimi mwenyewe nauza huko picha za heroe, wale ndege wa ziwa letu. Mwaka jana niliwaona heroe wangu kwa tangazo la dawa ya tumbo." Kamla hakucheka. "Picha ya stoku si mbaya. Ukiandika habari ya kuchemsha maji, weka picha ya sufuria yoyote. Sufuria ni sufuria. Ukiandika habari ya mvua, weka wingu. Lakini ukiandika habari ya mtu mmoja mwenye jina lake, weka picha yake, au acha."

"Niliambiwa bila picha hakuna mtu atasoma."

"Aliyekwambia ana ukweli nusu. Watu huona picha kabla ya kusoma. Sasa ukishawapa uso, wanatafuta uso huo. Huyu anayecheka ndiye mmemtafuta miezi miwili. Baba yako hakuna aliyemtafuta."

Valarie alianza kulia. Kamla aliongea polepole zaidi, lakini hakuacha. "Na chini ya picha kulikuwa na masharti. Uliyasoma?"

"Hapana, Anti."

"Soma kila mara, hata kama ni ya bure. Mwenye picha anaweza kukutaka uandike jina lake. Anaweza kukukataza mambo fulani. Huyu bwana alikubali kupigwa picha na mashine. Hakukubali kuitwa mtu aliyepotea. Yeye pia ana kwao, na huko pia kuna mama."

Nabalayo hakuwa akisikiliza masharti. "Ulimjuaje mume wangu?"

"Alikuja hapa kupiga picha ya kitambulisho cha kazi. Mwaka gani, sikumbuki. Lakini marehemu mume wangu hakutupa negativu hata moja. Nilikuwa namgombeza kwa hiyo."

Negativu ni utepe wa filamu. Ndani yake cheusi huonekana cheupe, na cheupe cheusi. Kamla alikuwa na maboksi kumi na moja. Kwa siku tatu wanawake hao watatu walisimama dirishani, wakiinua tepe moja moja kwenye mwanga. Mamia ya watu walipita mbele ya macho yao, wote wamekaza shingo, wote kama mizimu.

Aliyemwona ni Nabalayo, ambaye hakusoma sana. "Huyu," alisema. "Ni sikio lake." Akakaa sakafuni, akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu Januari.

Kamla aliisafisha picha na kuiingiza kwenye kompyuta. Aliifanya iwe nyepesi, ifunguke haraka hata kwenye kompyuta za vijijini. Valarie aliitoa picha ya zamani. Chini ya ile mpya aliandika: "Huyu ni Sitati mwenyewe. Picha ni ya zamani. Sasa ana mvi na amekonda. Picha tuliyoweka kwanza haikuwa yake. Tulikosea, tunaomba msamaha."

Hakuwa mtu wa kuvutia kwenye picha hiyo. Hakucheka, na kola ya shati ilikuwa imekunjika upande mmoja. Siku ya nne simu ililia.

"Mimi ni Wamaitha, wa Kabazi," sauti ilisema. "Huyu mtu wa tangazo jipya yuko kwangu."

Walifika Kabazi, upande wa Subukia, adhuhuri. Sitati alikuwa amelala kwenye chumba kidogo, safi. Alikuwa amepigwa kichwani mwezi wa Januari, akaokotwa kando ya barabara bila kitambulisho. Zahanati ilimtibu jeraha. Wamaitha, mama wa kanisa, akamchukua kwake kwa sababu hakuwa na kwao kunakojulikana. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekufa, na mdomo haukutoa neno.

Alipomwona Nabalayo, alitoa sauti. Halikuwa neno, lakini Nabalayo aliielewa. Alimshika mume wake, akaficha uso wake shingoni mwake.

Valarie alisimama mlangoni. Juu ya kitanda, ukutani, palikuwa na karatasi. Lilikuwa tangazo lake la kwanza.

"Lilikuja kanisani mwezi wa pili," Wamaitha alisema. "Tulilisoma mbele yake. Urefu ulikuwa sawa. Kovu lilikuwa hapo. Nikamwita, 'Sitati!' Akageuza kichwa. Lakini siku hizo aligeukia kila sauti, hata kuku. Tukaangalia picha, tukamwangalia yeye. Si huyu, tukasema. Tusimpe mke wa mtu tumaini la bure." Alipangusa macho kwa kitambaa cha kichwa. "Nikalibandika hapo. Nilisema, siku nikimwona huyo bwana anayecheka, nitampigia mke wake."

Valarie alitaka ardhi ipasuke immeze.

Mjini Nakuru daktari aliushika mkono wa kulia wa Sitati, akaukunja, akaukunjua. "Mngemleta mwezi wa pili akaanza mazoezi, mkono huu ungekuwa na nafasi nzuri," alisema. "Sasa sina ahadi. Maneno yanaweza kurudi machache. Mkono, sijui." Fundi bila mkono ni nani? Maji yakimwagika hayazoleki. Nabalayo hakumlaumu binti yake hata siku moja, na hilo lilimuumiza Valarie kuliko kupigwa.

Lakini Sitati alikuwa nyumbani, kama hema ni nyumba. Mwezi wa Mei alisema neno lake la kwanza. Alisema, "Nabalayo."

Habari ilienea uwanjani. Watu walianza kumjia Valarie na majina ya watu wao. Mmoja alikuwa Chepkemei, aliyekuja kutoka kambi nyingine. Mwanawe Kosgei, wa miaka kumi na sita, alipotea Januari. Chepkemei hakuwa na picha yake.

"Weka hata ya kijana mwingine, mwanangu," aliomba. "Bora watu wasome. Nakuomba."

"Hapana, mama. Nitaandika hivi: picha yake hatuna."

"Na wakipita bila kusoma?"

Valarie alimwangalia baba yake. Alikuwa ameketi mlangoni mwa hema, akijaribu kufunga kifungo cha shati kwa mkono wa kushoto.

"Mama, baba yangu alilala wiki tisa chini ya jina lake mwenyewe, na hakuna aliyemjua. Sitamfanyia mtoto wako hivyo. Niambie kile ambacho mtu akimwona tu, atajua ni yeye."

Chepkemei aliketi karibu naye.

"Akicheka hufunika mdomo kwa mkono," alisema. "Jino la mbele limevunjika. Anaona haya."

Valarie aliandika hilo kwanza.