Pamoja na Vyote Vilivyomo

Ulianza ufagio. Fundi cherehani alikuwa chini anatia pindo sketi ya mteja, akasikia mtu anafagia ghorofani, taratibu, mchana kweupe.

"Mwanangu, acha kufagia, njoo ule," akamwita bintiye.

Binti akatokea uani, mikono imejaa povu la sabuni.

Fundi akasema ni upepo. Mtu aliyehangaika miaka kumi na miwili kutafuta nyumba hasumbuliwi na ufagio. Na hii ilikuwa nyumba kwelikweli: mtaa wa kale katikati ya mji, kuta nene za mawe, roshani ya mbao, na manispaa inayodai kibali hata ukitaka kupigilia msumari. Aliipenda kama mchumba.

Wiki ya pili tangu wahamie ikaja harufu ya chokaa mbichi, wala hakuna aliyegusa ukuta. Wiki ya tatu binti, mtoto wa miaka minane ambaye mdomo wake haukujua likizo, akaanza kunong'ona, kisha akabaki na ishara tu, na daktari akamwangalia koo asione kitu, na waliporudi alasiri ile, mama amemshika mkono chini ya ngazi, wakaisikia huko juu sauti ya mtoto huyohuyo ikiimba, ikikohoa, ikicheka, ikiita "mama" kwa deko lilelile la kuombea peremende.

Mganga aliyeitwa alipanda ngazi tatu tu, akarudi. Akaomba mkataba wa mauzo, akavaa miwani.

"Hapa umetia sahihi: pamoja na vyote vilivyomo."

"Si vitanda na makabati, babu?"

"Aliyekuuzia alijua anachouza. Huyo aliye huko juu sasa ni wako, binti yangu, simwezi." Akashusha sauti. "Uza, kwa maneno hayohayo. Mwenzio akishatia sahihi, mtoto atapata sauti yake."

Mnunuzi hakukawia. Alikuwa mwalimu, mimba ya miezi saba, ameshaipenda roshani tangu barabarani. Akasimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Dada, niambie ukweli. Nyumba ina tatizo?"

Fundi alikuwa ameuandaa uongo wake vizuri. Akamtazama binti yake aliyekaa kizingitini, akalitazama lile tumbo, na huruma ikamshinda. Akafungua mdomo amwambie akimbie. Hakikutoka kitu.

"Haina tatizo, mdogo wangu," sauti yake mwenyewe ikajibu kutoka ghorofani. "Panda uone vyumba."

Mwalimu akainua uso, akatabasamu. "Kumbe mko wengi."

Akakanyaga ngazi ya kwanza. Fundi akamdaka mkono kwa mikono yote miwili, akamvuta mpaka barabarani, mwalimu akilalamika, binti akiwafuata mbio, kisha akaubamiza mlango na kuuegemea kwa mgongo.

Ndani, sauti ya mama na sauti ya mtoto zikaanza kuzungumza.